Gari la Kifahari: Kununua ni Rahisi, Kutunza Je?

Range Rover Evoque, gari dogo la kifahari lililoanza kuuzwa mwaka 2011, linapendeza kweli. Lakini je, linakufaa wewe mkazi wa Kakamega? Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hivyo hata la mtumba si la bei ya chini. Tairi zake zenye ubavu mfupi huumizwa na mashimo, na mvua ya kwetu huyachimba kila mwaka. Kabla hujalipa, muulize fundi wako: vipuri vitatoka wapi, na baada ya siku ngapi? Akisita, tafuta Toyota, ambayo vipuri vyake ni rahisi kupata. Karo ya watoto haingoji gari litoke gereji.