Wati za Amplifaya ya Gari na Ushahidi wa Fyuzi

Katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na ya barabara ya Luthuli, Nairobi, ambako wenye magari huenda kutafuta muziki wa kufunga garini, hakuna tarakimu iliyochapwa kwa ukubwa kama idadi ya wati; na aghalabu mnunuzi, akiona 3000 katika boksi moja na 400 katika jingine, hudhani amekwisha kupata jawabu, ilhali bado hajaambiwa jambo lolote la yakini.

Nguvu ya amplifaya hutajwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni nguvu ya kilele, itokeayo kwa nukta moja kisha ikatoweka. Ya pili ni nguvu ya kudumu, iandikwayo RMS, ambayo chombo huweza kuitoa mfululizo pasipo kuharibu sauti wala kujiunguza. Hamali anyanyuaye gunia mara moja akalibwaga si sawa na yule achukuaye magunia bandarini mchana kutwa, na mwenye shehena hulipa ujira kwa kazi ya huyu wa pili.

Ili kuondoa hadaa ya kutangaza nguvu ya kilele kana kwamba ni ya kudumu, chama cha wenye viwanda vya vyombo vya elektroniki cha Marekani kiliweka kanuni iitwayo CEA-2006, ambayo sasa ni CTA-2006: nguvu ipimwe kwa umeme wa volti 14.4, kwa spika ya omu 4, na kwa uchafu wa sauti usiozidi asilimia 1. Kanuni hiyo ni ya hiari, lakini masharti yake ndiyo uhai wa tarakimu. Kwani amplifaya ile ile ikifungiwa spika za omu 2 aghalabu hutoa wati nyingi zaidi, na ikiruhusiwa kuikoroga sauti huzidisha tena. Wati zisizotajwa pamoja na masharti yake si kipimo.

Asiyepewa hati ya vipimo asikate tamaa. Na aigeuze amplifaya, atazame fyuzi iliyo karibu na mahali pa kufungia waya wa betri. Akikuta fyuzi moja ya ampea 30, azidishe kwa volti 14.4, apate wati 432, ambazo kwa makadirio ndizo ziwezazo kuingia kwa kudumu. Amplifaya ya daraja AB (daraja ni aina ya usanifu wa saketi yake) hupoteza kama nusu ya wati hizo kwa joto, zikabaki 216. Ya daraja D hupoteza kama moja ya tano, zikabaki kama 346. Ikiwa boksi linadai 3000, fyuzi imekwisha kulikanusha.

Wala wati za kweli zisitukuzwe kupita kadiri. Kutoka wati 100 hadi 200 ni nyongeza ya desibeli 3 tu, ambayo sikio huitambua bila ya kustaajabu. Na spika yenye usikivu wa desibeli 91 hutoa kwa wati 50 sauti ambayo spika ya desibeli 88 hudai wati 100 ili kuitoa.

Uwongo wa boksi hauishii katika bei. Mwenye gari aliyeahidiwa nguvu isiyokuwapo hufungulia sauti mpaka mwisho, amplifaya ikashindwa na kuyakata mawimbi vichwa, na twita, yaani spika ndogo za sauti nyembamba, zikaungua. Kwa hiyo muulize muuzaji kabla hujatoa fedha: RMS ni ngapi, kwa omu ngapi, kwa volti ngapi? Muuzaji mwadilifu atakujibu kwa furaha, naye ndiye astahiliye biashara yako.