Saanane: Mwendo wa msafara ni mwendo wa aliye mdogo

Isaka ni mji wa kupitwa. Treni za reli ya kati ziendazo Mwanza hupita hapa. Makontena yatokayo bandari ya Dar es Salaam hufika katika bandari kavu yetu, kisha malori huyachukua kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Kuanzia Kahama hadi Geita ndiko kwenye ukanda wa dhahabu, ambao huwaita vijana na watu wazima kwa zamu za mchana na za usiku. Rizki hii ni neema ya Mwenyezi Mungu, na anayeitafuta kwa njia ya halali yumo katika ibada. Hata hivyo, yako majumba mengi ambamo baba hufika mara mbili kwa mwezi, huwakuta watoto wamelala, huacha fedha za matumizi, na huondoka kabla hawajaamka. Mtoto wa nyumba hiyo anaye baba, ila hajamzoea.

Kwa sisi tunaotumikia kamati za misikiti, jambo hili hutufikia kwa sura nyingi. Mama huja kulalamika kwamba kijana hasikii la mtu. Baba naye hushangaa kwamba binti yake humsalimia kama anavyomsalimia mpangaji. Mawaidha hutolewa, na yana nafasi yake. Lakini mazoea hayajengwi kwa mawaidha peke yake, bali kwa watu kukaa pamoja, kuchoka pamoja na kula pamoja. Kwa sababu hiyo, familia tatu za majirani, jumla ya watu 14, tuliazimia kutumia Jumamosi moja kutembea na kupanda mawe katika Kisiwa cha Saanane, Mwanza.

Kwa nini Saanane

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini twende mbali wakati mawe yamejaa Usukuma nzima. Jibu ni kwamba Saanane ni mahali ambapo bibi wa miaka 60 na mjukuu wa miaka 6 wanaweza kwenda siku moja na wote wakapata kitu. Kisiwa kipo ndani ya Ziwa Viktoria, takribani kilomita 2 kutoka katikati ya jiji la Mwanza, na kwa boti ni mwendo wa dakika chache tu. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa. Eneo lake, pamoja na maji yanayokizunguka, ni kilomita za mraba 2.18, na kwa hiyo ndiyo hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini. Jina lake limetokana na mzee Saanane, aliyeishi na kulima hapo kabla ya kisiwa kuwa mali ya umma.

Mawe yake ni ya itale, yaani granaiti. Yaliumbika chini ya ardhi zama za kale mno, na mvua na upepo vikaondoa udongo uliokuwa juu yake hadi yakabaki wazi, moja juu ya jingine, mithili ya mizigo iliyopangwa na mchukuzi hodari. Qur'ani Tukufu imetuhimiza tutazame namna milima ilivyosimamishwa. Mtoto aliyepanda jiwe kwa mikono na miguu yake mwenyewe huelewa himizo hilo upesi kuliko aliyelisikia darasani tu.

Pancha ya Hungumalwa

Tuliondoka Isaka baada ya sala ya Alfajiri kwa basi dogo la kukodi. Kabla ya kuondoka tulimchagua amiri wa safari, kwa kufuata mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba watu watatu wakitoka safarini wamfanye mmoja wao kuwa kiongozi. Uchaguzi ulimwangukia jirani yetu ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu. Hakuna aliyepinga, kwani mtu aliyezoea kufika Kigali kwa ratiba hawezi kushindwa na Mwanza.

Tulipita Tinde, tukapita Shinyanga, na tulipokaribia Hungumalwa gurudumu la nyuma likatoa upepo. Gurudumu la akiba lilikuwepo, lakini jeki haikuwepo. Tulisubiri karibu saa nzima hadi lori moja lilipotuazima. Wanawake walitandika mkeka chini ya mti wa mgunga na kumimina chai ya rangi kutoka kwenye chupa. Watoto walihesabu ng'ombe waliokuwa wakipelekwa mnadani. Amiri wetu aliufungua ule mpira mwenyewe, huku mwanawe wa kiume wa miaka 13 akishika tochi ya simu chini ya basi na kumpokea nati moja baada ya nyingine. Mama wa kijana huyo alimnong'oneza ahali yangu kwamba hakumbuki lini wawili hao walifanya kazi moja.

Tumbili na kandambili

Tulivuka kwenda kisiwani saa 5 asubuhi, kila mtu akiwa amevaa jaketi la kuokolea maisha. Jambo hilo halina mjadala: bibi avae, na mtoto mchanga avae.

Tulipoanza kupanda, tuliwafundisha watoto Sunna iliyopokewa na Jabir bin Abdillah (r.a.), kwamba masahaba walipopanda mahali pa juu walileta takbira, na walipoteremka walileta tasbihi. Watoto waliifurahia mno. Kila jiwe lilikuwa na "Allahu Akbar" yake, na kila bonde dogo lilikuwa na "Subhanallah" yake. Njiani waliwaona pimbi wakiota jua, na wakastaajabu kuambiwa kwamba kiumbe huyo mdogo kama sungura ana undugu wa karibu na tembo.

Hapo ndipo mikasa ilipoanza kufuatana. Binti wa miaka 10 alikatikiwa na kandambili, na jiwe lilikuwa limekwisha kupata moto. Mama yake alichomoa uzi wa katani uliofunga kikapu, akaifunga ndala ile kwa fundo ambalo lilidumu hadi tuliporudi nyumbani. Muda si mrefu tumbili akashuka mtini na kuondoka na mfuko wa karatasi wenye maandazi 8. Hatukumfukuza wala hatukumrushia kitu, kwa kuwa sheria ya hifadhi inakataza kuwalisha wanyama na kuwabughudhi. Bibi alicheka hadi akakaa chini, akasema, "Wajukuu zangu, hiyo nayo ni rizki yake. Sisi tumekuwa wachukuzi tu."

Amiri hakucheka. Tayari tulikuwa tumechelewa kwa saa moja, naye alitaka tufike kileleni kabla ya Adhuhuri. Akaongeza mwendo. Vijana wakamfuata, akina mama wakabaki katikati, na nyuma kabisa akabaki bibi mwenye magoti mabovu pamoja na binti mdogo wa amiri, mtoto wa miaka 6. Huyo mdogo alijitahidi kukimbia ili amfikie baba yake, akateleza juu ya jiwe lenye changarawe, akachubuka goti na viganja.

Jeraha halikuwa kubwa. Lililotunyamazisha ni kilio chake. Alimlilia mama, akamlilia bibi, akamlilia hata kaka yake, baba hakumtaja. Na baba alikuwa amesimama juu ya jiwe, hatua 20 mbele, akisikia yote.

Aliteremka. Alimwosha goti kwa maji ya chupa, akalifunga kwa leso yake, kisha akampa mgongo. Mtoto alisita kidogo, akamtazama bibi yake. Bibi akamwambia, "Panda, mwanangu, huyo ndiye lori lako." Akapanda. Kuanzia pale amiri akabadilisha safu: bibi akatangulia, akishikwa mkono na mjukuu wake wa kiume, na sote tukafuata kwa mwendo wake, tukipumzika kila alipopumzika.

Uongozi wa nyumba na uongozi wa sala

Uthman bin Abil-As (r.a.) alipoomba kuwa imamu wa watu wake, Mtume (s.a.w.) alimkubalia na kumwelekeza amchunge aliye dhaifu kuliko wote nyuma yake. Tumezoea kulisoma agizo hilo katika mlango wa sala, tukamlaumu imamu anayerefusha kisomo. Lakini nyumba nayo ina imamu wake. Baba anayetuma fedha kila mwezi ametangulia mbele, na ametangulia kwa kheri, ila huenda hajageuka nyuma kutazama nani amebaki. Mtoto hamfikii baba kwa kukimbia. Baba ndiye mwenye miguu mirefu, na ndiye apasaye kupunguza mwendo.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe, pamoja na uzito wa majukumu yake, alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.) safarini, na aliwabeba wajukuu zake mgongoni. Hakuona kwamba heshima yake inapungua.

Tulifika juu baada ya saa 7 mchana. Kutoka pale jiji la Mwanza linaonekana lote, nyumba zikiwa zimekaa juu ya mawe, na ziwa limetulia. Tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kufupisha, rakaa mbili mbili, kwa kuwa kutoka Isaka ni zaidi ya kilomita 200 na ruhusa ya msafiri inatuhusu. Kibla kwa upande ule ni kaskazini, kwa kuelekea mashariki kidogo. Binti mdogo alisali kando ya bibi yake, na sala ilipokwisha alikwenda kukaa mapajani mwa baba yake bila kuitwa.

Siku hizi jirani yetu akiwa barabarani, simu ya nyumbani humpigia jioni. Anayepiga ni yule mdogo, na swali lake ni moja: "Baba, leo umepanda mlima gani?"

Kwa familia inayotaka kutoka

Yapo mambo machache tuliyoyaona kwa macho, na huenda yakawafaa wengine.

Kwanza, kagueni gari siku moja kabla: gurudumu la akiba, jeki na spana. Pili, kila mtu avae viatu vya kufunga, hata kama ni raba za shule. Kandambili zibaki nyumbani. Tatu, chakula kifungwe katika kikapu chenye kifuniko, kwa ajili ya tumbili. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo tumieni vyombo vinavyorudi nyumbani, na msiache takataka juu ya mawe.

Nne, watoto wasiingie ziwani kuoga wala kuchezea maji ya kingoni. Ziwa Viktoria lina kichocho, ambacho vijidudu vyake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu akiwa majini. Mamba nao wapo. Kwa udhu, chukueni maji kutoka nyumbani. Imepokewa kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, yaani ujazo wa viganja viwili vilivyokusanywa, kwa hiyo chupa ya lita moja humtosha mtu mmoja asiyefanya israfu.

Tano, na hili ndilo kubwa, pangeni ratiba kwa kumtazama mdogo na mzee. Kilele kisipofikiwa hakuna dhambi. Na yule ambaye hana nauli ya Mwanza asivunjike moyo, maana jiwe lililo nyuma ya kijiji chake linatosha, muradi apande akiwa na wanawe na simu yake iwe mfukoni.

Mwenyezi Mungu awarudishe salama wote walio barabarani na machimboni, na awajaalie wakifika nyumbani wakute wanaongojewa. Amin.