Shira ya matunda ya Kikorea: usipunguze sukari kwenye chupa, punguza kwenye glasi

Kama nyumbani kwako tamthilia za Kikorea zinatazamwa kila jioni, huenda umewahi kumwona mama akichota shira ya rangi ya dhahabu kwenye chupa kubwa na kuikoroga ndani ya glasi ya maji. Hiyo huitwa cheong. Watoto wakishaiona, swali ni moja: “Mama, na sisi tutatengeneza lini?”

Kule Korea Kusini, inayojulikana zaidi ni ya maesil, tunda la kijani la jamii ya plamu linalovunwa karibu na mwezi Juni. Eneo la Gwangyang, kusini mwa nchi, linasifika kwa tunda hilo. Familia hununua kwa kilo, huosha, huchokoa vikonyo kimoja kimoja kwa kijiti cha meno, kisha hufunika kwa sukari na kusubiri siku 100 hivi. Shira yake hunywewa na maji baridi wakati wa joto na maji moto wakati wa baridi. Jikoni hukolezea nyama badala ya sukari.

Huna maesil? Wakorea hutengeneza cheong ya limau na ya tangawizi pia. Anza na limau.

Jinsi ya kutengeneza

• Pima kwa mizani: nusu kilo ya limau, nusu kilo ya sukari.
• Osha limau na ulikaushe kabisa. Suuza chupa ya kioo kwa maji moto, nayo ikauke. Unyevu huleta ukungu.
• Kata vipande vyembamba, toa mbegu zote kwani zinaleta uchungu.
• Panga tabaka la limau, tabaka la sukari. Malizia na sukari juu, na usijaze chupa hadi mdomoni.
• Koroga kila siku kwa kijiko kikavu hadi sukari iyeyuke, kisha weka kwenye friji. Baada ya wiki moja hivi, onja.

Kosa la huruma

Wazazi wengi tukiona sukari nyingi namna hiyo, mkono unarudi nyuma. Tunaweka nusu tu. Hapo ndipo mambo huharibika. Sukari ndiyo inayovuta maji kutoka kwenye tunda na kuzuia vijidudu kustawi. Ikipungua, hamira za asili zilizo kwenye tunda hupata nafasi, huila sukari na kutoa kileo na gesi. Chupa iliyokazwa kifuniko inaweza hata kupasuka. Kwa hiyo fungua kifuniko kila siku gesi itoke, na shira ikinuka pombe, usimpe mtoto.

Sukari ipunguzwe kwenye glasi: kijiko kimoja cha chai kwa glasi nzima ya maji, na isiwe kila siku. Karibu nusu ya shira hiyo ni sukari tupu.

Tahadhari nyingine tatu

Kwanza, ukitumia plamu, toa kokwa. Kokwa za plamu mbichi zina amigdalini, kemikali inayoweza kutoa sumu ya sianidi.

Pili, wapo wanaotumia asali badala ya sukari. Hiyo asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwani asali inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu.

Tatu, Wakorea wengi hunywa maesil tumbo linaposumbua. Lakini mtoto anayeharisha anahitaji ORS na kupelekwa kituo cha afya. Kinywaji chenye sukari nyingi kinaweza kumzidishia kuharisha.

Ukimaliza kufunga chupa, mpe mtoto kalamu aandike tarehe kwenye kifuniko. Kazi ya kusubiri atakufanyia yeye, na kila asubuhi atakukumbusha kukoroga.