Kiwanja cha Farasi Huanzia Chini ya Mchanga

Farasi mwenye kilo 500 akienda shoti, kuna nukta ambapo mguu mmoja tu wa mbele ndio ulio chini, nao hubeba zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili wake. Ukwato ukitua huteleza kidogo, halafu kifundo hushuka na kano za nyuma ya mguu hutanuka, kisha ncha ya ukwato hujichimbia na kuusukuma mwili mbele. Ardhi ngumu mno huurudisha mshindo kwenye mifupa na maungio. Mchanga mwingi uliolegea huzivuta kano kupita kiasi. Na ardhi inayoudaka ukwato ghafla huuzuia ule mtelezo mdogo, mguu ukajipinda.

Mwaka 2014 Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, lilichapisha ripoti ya watafiti kuhusu viwanja vya farasi. Miongoni mwa sifa walizozieleza ni ugumu wa ardhi ukwato unapotua, uwezo wake wa kupokea uzito, mshiko wake, na usawa wake kutoka kona hadi kona. Mimi hiyo sifa ya usawa naiweka mbele ya nyingine zote. Farasi huzoea ardhi ngumu kiasi au laini kiasi, lakini hawezi kujiandaa kwa ardhi inayobadilika katikati ya mzunguko.

Usawa huo hauletwi na mchanga. Huletwa na msingi, na hapo ndipo wenye mazizi wengi hubana matumizi kwa sababu msingi hauonekani. Chukua Nairobi. Upande wa kaskazini na magharibi udongo wake ni mwekundu, nao hupitisha maji vizuri. Kusini na mashariki, kuelekea tambarare za Athi, ni ule mweusi unaovimba masika na kupasuka nyufa kiangazi. Ukimwaga mchanga juu ya udongo mweusi, mvua ya kwanza huuchanganya na tope, na hakuna reki itakayovitenganisha tena. Udongo huo uchimbwe uondolewe, ijazwe moramu inayoshindiliwa tabaka kwa tabaka, kisha kokoto zenye kona, sentimita 10 hadi 15, zishindiliwe mpaka gari likipita lisiache alama. Kati ya udongo na kokoto hutandazwa kitambaa kigumu cha kutenganisha tabaka, kile kile cha wajenzi wa barabara.

Halafu mwinamo. Kiwanja cha kawaida cha mashindano ya dresaji kina mita 20 kwa 60. Mwinamo wa asilimia moja katika upana wake ni tofauti ya sentimita 20 tu kutoka ukingo hadi ukingo. Jicho haliioni, lakini maji huifuata. Mvua ya milimita 10 humwaga lita 12,000 juu ya kiwanja hicho, zote zikitafuta njia ya kutoka. Upande wa juu chimba mtaro wa kuyakinga maji ya mlimani yasiingie kabisa.

Sasa mchanga wenyewe. Ule wa mto uliosafiri mbali una chembe za mviringo, na chini ya ukwato huviringika kama gololi. Wa pwani una vipande vya kombe vinavyosagika kuwa vumbi, tena una chumvi inayokula vyuma. Unaotafutwa ni mgumu, uliooshwa, wenye chembe zenye kona zinazoshikana. Kabla ya kulipia lori, tia mchanga kiasi kwenye chupa ya maji, tikisa, uiache mpaka kesho yake. Mchanga hushuka mara moja. Maji yakibaki ya rangi ya chai asubuhi, udongo ni mwingi, na kiwanja chako kitakuwa tope masika na vumbi kiangazi. Anza na sentimita 5. Kuongeza ni rahisi, kupunguza ni kazi ya siku nyingi: kila sentimita moja juu ya kiwanja kizima ni mita 12 za ujazo. Pumba za mpunga na maranda ya mbao ni bei nafuu, ila huoza na kuteleza. Sizipendekezi.

Kiwanja kikishakamilika, kinachokishikilia ni maji. Chembe zenye unyevu hushikana, zikikauka huachana na farasi huzama. Finyanga gao la mchanga: likishika umbo bila kuchuruzika maji, unyevu unatosha. Kumwagilia milimita 5 huchukua lita 6,000, kwa hiyo fikiria tangi la maji ya mvua kutoka kwenye mabati ya zizi kabla ya kufikiria nyuzi za kuchanganya na mchanga. Mwagilia jioni, jua lisiyanyang'anye maji hayo. Mchanga wenye silika ukikauka hutoa vumbi linaloharibu mapafu, na anayelivuta zaidi ni saisi anayesawazisha kiwanja kila siku. Asitumwe kukokota haro juu ya mchanga mkavu.

Meno ya haro yasiguse msingi kamwe. Yakichomoa kokoto moja, zitafuata nyingine. Badilisha mwelekeo kila mara, na urudishe mchanga kwenye ile njia ya ukingoni inayochimbika kwa sababu kila mpandaji huipenda. Mashimo ya mbele na nyuma ya vizuizi vya kuruka yajazwe kwa reki siku hiyo hiyo. Kinyesi kiokotwe kabla hakijakanyagwa, maana kikisagika huwa udongo. Mara moja kwa wiki chomeka rula kwenye mchanga, ukingoni na katikati. Tofauti ikizidi sentimita 2, usipandishe mtu farasi mpaka isawazishwe.

Na kama fedha za mwaka huu zinatosha msingi peke yake, jenga msingi na uishie hapo. Acha masika yapite juu yake, tazama maji yanasimama wapi, parekebishe. Mchanga ununue baada ya hapo.