Mtungi Anauliza: Nani Anatia Maji?

Njooni, wanangu. Sogeeni hapa kwenye mkeka. Yule mdogo aliyeuliza swali akae mbele.

Swali lake ni hili: "Mjomba, tunaambiwa matibabu ni bure. Mbona mama anatumwa dukani kununua dawa?"

Hongera, mwanangu! Swali hilo wakubwa wanalibishania hapa Juba. Wanalibishania Nairobi. Wanalibishania hata Washington. Kuliuliza ukiwa na umri wako si jambo dogo.

Tumwite Mtungi atusaidie. Mtungi, hebu sema.

"Mimi nakaa chini ya mwembe, katikati ya ua," anasema Mtungi. "Nyumba zote zinanizunguka. Asubuhi, mwenye nguvu huchota maji akanitilia. Mwenye ndoo hutia ndoo. Mwenye kikombe hutia kikombe. Mwenye kiu hunywa. Mgonjwa hawezi kubeba ndoo, ila kiu yake inazidi ya wote. Na nani ajuaye atakayelala na homa kesho? Kwa hiyo watu hutia wangali wazima. Lakini kila siku nauliza: nani anatia maji?"

"Mjomba, hayo maji ni nini?"

Ni fedha za matibabu. Ndizo zinazomlipa daktari na muuguzi. Ndizo zinazonunua dawa na kuwasha taa mama anapojifungua usiku. Dawa unayopewa bila kulipa, kuna mtu aliyeilipia mapema. Asipokuwepo aliyelipa, kabati huwa tupu. Hapo ndipo mama anapotumwa dukani.

"Mjomba, Wamarekani ni matajiri. Wao wanabishania nini?"

Kwao mitungi ni mingi, na kila mmoja una watu wake. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyoleta mitungi miwili. Wa wazee waliofikisha miaka 65 unaitwa Medicare. Wa maskini unaitwa Medicaid. Wengi wengine hupata bima kazini. Lakini mamilioni walibaki katikati. Hawakuwa wazee, hawakuhesabiwa maskini, na bima hawakuwa nayo.

Tarehe 23 Machi 2010, Rais Barack Obama, yule ambaye baba yake alizaliwa Kenya, alitia saini sheria nyingine. Ilisema kampuni ya bima isimkatae mtu kwa kuwa tayari anaumwa. Ilisema pia kila mtu awe na bima, la sivyo alipe faini.

Hapo ubishi ukapamba moto. Mmoja akasema: "Mimi ni mzima. Serikali isinilazimishe kubeba ndoo." Mwingine akajibu: "Wazima msipotia, wagonjwa watakunywa nini?" Kuanzia mwaka 2019 ile faini iliondolewa. Sheria yenyewe ipo, na ubishi upo. Mnaona, wanangu? Utajiri peke yake haujibu swali la Mtungi. Nani anatia maji?

"Na sisi, Mjomba?"

Sisi wa Sudan Kusini tulipopata uhuru mwaka 2011, tuliandika katiba ya mpito. Kifungu cha 31 kinazitaka ngazi zote za serikali zitoe huduma ya afya ya msingi na ya dharura bure kwa raia wote. Wote! Mtoto wa waziri na mtoto wa muuza mkaa wa soko la Konyo Konyo. Tuliweka mtungi mzuri sana uani. Lakini nani anatia maji?

Kwa miaka mingi, waliotia zaidi ni wageni. Kuanzia mwaka 2012 mfuko wa pamoja wa wafadhili, Uingereza ikiwa mbele, ulilipia dawa na wahudumu katika mamia ya vituo vya afya nchini. Mwaka 2024 mfuko huo ulifikia mwisho. Ukaja mradi mwingine, unaoungwa mkono na Benki ya Dunia na UNICEF. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kweli tulipona, na tunashukuru. Lakini mgeni ana kwao, na kwao nako kuna ubishi.

Mwaka 2025 Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake. Kule Akobo, jimbo la Jonglei, baadhi ya vituo vya afya vilifungwa. Kipindupindu kilikuwa kimeingia. Shirika la Save the Children liliripoti kwamba watu 8, watano kati yao watoto, walifariki njiani wakitembea juani kwenda kutafuta matibabu. Na tiba ya kwanza ya kipindupindu ni maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari. Tiba si ghali, wanangu. Iliwekwa mbali nao.

"Mjomba, kwani sisi hatuna maji yetu?"

Tunayo! Tuna mafuta. Fedha nyingi za serikali yetu hutoka huko. Ni kweli, mwaka 2024 bomba kubwa linalopitia Sudan lilipasuka, na mapato yakashuka. Lakini hata kabla ya hapo, afya ilitengewa kidogo. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Sisi tuko chini sana ya hapo.

"Basi serikali iseme tu kila kitu ni bure!"

Subiri, mwanangu. Jirani zetu wa Uganda waliondoa ada katika vituo vya serikali Machi 2001. Maskini waliokuwa wakiugulia nyumbani wakajitokeza kwa wingi. Jambo jema sana! Lakini dawa zikawa zinaisha haraka. Kuuacha mtungi wazi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutia maji, kila asubuhi, bila kungoja mgeni abishe hodi.

"Mjomba, mimi ni mtoto. Nifanye nini?"

Endelea kuuliza. Kesho mwombe mwalimu awasomee kifungu cha 31. Na siku utakapokuwa mkubwa, mtu akaja mtaani kwetu, Gudele au Munuki, kuomba kura yako na kukuahidi matibabu ya bure, msikilize kwa heshima. Kisha mwambie akuonyeshe kwenye bajeti ni kiasi gani kimewekwa kwa afya, na ni nani amekiweka.