Mkono Begani mwa Kijana



Hapa Wiyoni, mvuvi akimwachia mwanawe usukani wa dau kwa mara ya kwanza, hufanya mambo mawili. Huondoa mkono wake, ili kijana aongoze mwenyewe. Kisha huketi karibu naye. Mambo hayo mawili twayaona katika sherehe mbili za dini ambazo leo twapenda kuzieleza.

Kwa Wayahudi, mvulana akitimiza miaka 13 huitwa bar mitzvah, yaani mwana wa amri. Msichana huitwa bat mitzvah kwa miaka 12, ingawa wengine hungoja 13. Hata pasipo sherehe yoyote, umri wenyewe humtwika wajibu wa kuzishika amri. Sherehe huonyesha tu jambo lililokwisha kuwa. Kijana huitwa mbele ya kusanyiko, akasoma gombo la Torati kwa Kiebrania. Kazi hiyo huhitaji mazoezi ya miezi mingi, kwa kuwa gombo halina alama za irabu. Kwa desturi ya zamani, baba yake humshukuru Mungu kwa kumwondolea dhamana ya makosa ya mwanawe. Tusidhani mambo haya ni ya mbali. Karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919.

Kwa ndugu zetu Wakatoliki iko Kipaimara. Lamu imo katika jimbo lao la Malindi, lililoundwa mwaka 2000. Askofu huwawekea vijana mikono, akawapaka Krisma katika paji la uso, mafuta ya zeituni yaliyochanganywa na manukato. Hapa umri peke yake hautoshi. Hakuna ajipaye Kipaimara. Hupokewa, maana ni kipaji cha Roho Mtakatifu. Wakati wa kupakwa mafuta, msimamizi huweka mkono wake wa kuume begani mwa kijana.

Mwaona tofauti? Huku mkono wa baba waondoka. Kule mkono wa msimamizi wawekwa. Mmoja wasema, "Sasa utajibu mwenyewe." Wa pili wasema, "Hutakwenda peke yako." Kijana ahitaji yote mawili. Luka atueleza kwamba Yesu, akiwa na miaka 12, alibaki hekaluni kwa hiari yake. Kisha akarudi Nazareti, akawatii wazazi wake.

Nasi Waanglikana tuna Kipaimara, na hapa imetupasa kuungama. Tumewaona vijana siku ile katika nguo nyeupe, picha zikapigwa, pilau ikaliwa. Jumapili chache baadaye, nafasi zao ni tupu. Sisi wachungaji tuliandika majina yao kitabuni, lakini hatukwenda nyumbani kwao kuwauliza habari. Tuliondoa mkono, tukashuka chomboni.

Basi, mzazi, na wewe msimamizi, juma hili mtafute kijana wako. Usimwendee kwa kumkaripia. Mwulize anasali vipi, na ni jambo gani linalomlemea. Mwache ajibu mwenyewe, nawe uketi karibu.

Na tuombe. Ee Baba, utufundishe kuwaachia watoto wetu usukani, wala tusiwaache peke yao baharini. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.