Majivu Yanayozuia Ndege

Sisi tuliokuzwa kwenye jiko la kuni tumepata kusugua sufuria kwa majivu, nasi twajua ya kuwa majivu ni kitu chepesi mno: upepo kidogo tu, yamekwisha kupeperuka. Basi msomaji anaweza kuuliza, yawezekanaje kitu kama hicho kuzuia eropleni kubwa yenye injini nne?

Jibu ni kwamba majivu ya volkeno si ndugu wa majivu ya jikoni. Ya jikoni ni mabaki ya kuni zilizoungua. Ya volkeno ni mawe yaliyosagika. Mlima unapolipuka, gesi iliyobanwa ndani yake huyapasua mawe yaliyoyeyuka, yakawa chembe ndogo sana zenye ncha kali, na nyingi katika hizo ni kioo hasa. Upepo wa juu huzichukua mamia ya maili.

Usiku wa tarehe 24 Juni, 1982, ndege ya Boeing 747 ya British Airways ilitoka Kuala Lumpur kwenda Perth, Australia, nayo ilichukua watu 263. Rada haikuonyesha wingu lolote, maana rada ya ndege huona maji yaliyomo mawinguni, na majivu ni makavu. Marubani hawakujua kwamba katika kisiwa cha Java mlima Galunggung umelipuka. Mara wakaona vimulimuli vya moto mbele ya kioo. Kisha injini moja ikazimika, ikafuata ya pili, hata zote nne zikanyamaza. Ndege ikawa inateremka gizani, kutoka futi 37,000 mpaka kama 13,000. Nahodha Eric Moody hakuwaficha abiria; aliwatangazia ya kuwa injini zote zimezimika, na kwamba wanajitahidi kuziwasha. Walipotoka katika majivu, injini zikawaka tena, wakatua Jakarta salama. Lakini kioo cha mbele kilikuwa kimesuguliwa hata marubani hawakuweza kuona njia vizuri.

Sababu ya mambo hayo ni hii. Chembe za majivu huyeyuka kwa joto la digrii 1,100 hivi, na ndani ya injini ya jeti joto huzidi hapo. Kwa hiyo majivu yakiingia huyeyuka, yakaganda kwenye sehemu za nyuma zisizo na joto kali kama hilo, na kuziba njia ya hewa. Injini ikikosa hewa huzimika. Ikiisha kupoa, kioo kile hukauka na kumeguka, ndiyo maana zile za mwaka 1982 ziliweza kuwaka tena.

Tangu hapo mataifa yamegawana kazi ya kulinda anga. Viko vituo tisa vya kuwaonya marubani juu ya majivu, na kile kinachoangalia Afrika kiko Toulouse, Ufaransa. Mlima Hayli Gubbi wa Ethiopia ulipolipuka tarehe 23 Novemba, 2025, majivu yake yalivuka Bahari ya Sham yakafika Yemen, Oman, hata India, na safari kadhaa za ndege zikafutwa.

Tahadhari hiyo ina gharama yake. Mwezi wa Aprili, 2010, mlima Eyjafjallajökull wa Iceland ulilipuka, na sehemu kubwa ya anga ya Ulaya ikafungwa kwa siku sita hivi. Safari zipatazo 100,000 zilifutwa. Mlima ule uko mbali sana na Naivasha, lakini mawaridi ya Kenya husafirishwa kwa ndege mpaka Ulaya. Yalirundikana, yakanyauka, yakatupwa, na vibarua wengi wakaambiwa wakae nyumbani bila mshahara. Wako waliolalamika ya kuwa anga ilifungwa kwa hofu tu. Hawakukosea kabisa, maana baadaye wataalamu walikubaliana kupima kiasi cha majivu, ili ndege isizuiwe kwa vumbi lisiloweza kuidhuru.

Lakini waridi lililotupwa huoteshwa jingine. Watu wale 263 wangepotea, nani angewarudisha? Wazee wetu walisema: Kawia ufike.